Kutoka Tanga kwa Ndege: Umbali, Muda wa Safari na Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudi kila mara kutoka kwa watu wa Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe wanaotaka kupanda ndege, wengi wao kwa mara ya kwanza, na kutoka kwa jamaa zao walio mbali wanaotaka kuja nyumbani. Umbali unaotajwa hapa ni wa mstari ulionyooka kutoka uwanja hadi uwanja, isipokuwa pale palipotajwa barabara. Ratiba na nauli hazimo kwa sababu hubadilika. Ziulize kwenye kampuni yenyewe siku unayokata tiketi.

## Umbali

Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita ngapi kwa ndege?

Ni karibu kilomita 200. Kwa maili za nchi kavu ni kama 124, na kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani na mabaharia wanazotumia, ni 107. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo ukimsikia rubani akitaja 107 usidhani umepelekwa mji mwingine.

Njia yenyewe inashuka kusini karibu moja kwa moja. Tanga iko kwenye digrii 5 na kidogo kusini ya ikweta, na uwanja wa Dar es Salaam unakaribia digrii 7. Kila digrii ya kwenda kaskazini au kusini ni kama kilomita 111. Kwa upande wa mashariki na magharibi, viwanja hivi viwili havipishani hata kilomita 15.

Mbona simu yangu inasema 195?

Simu imepima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji. Ndege haipai kutoka Barabara ya Kwanza wala haitui Posta. Uwanja wa Tanga uko kilomita chache magharibi ya mji, na ule wa Dar uko Kipawa. Namba zote mbili ni sahihi, ila ya uwanja hadi uwanja ndiyo inayomhusu abiria.

Kwa barabara ni kilomita 350. Hizo 150 za ziada zinatoka wapi?

Zinatoka Segera na Chalinze. Basi likitoka Tanga halielekei Dar. Linakwenda kwanza magharibi kilomita 74 hivi mpaka Segera, ndipo linashuka kusini kupitia Mkata, Wami na Msata hadi Chalinze, kisha linageuka tena mashariki zaidi ya kilomita 100 kuitafuta Dar. Yaani unaondoka pwani, unazunguka bara, halafu unarudi pwani.

Anayekwenda Bunju, Tegeta au Mwenge anaweza kukatia Msata kwa lami ya kwenda Bagamoyo, akaikwepa Chalinze. Barabara ya pwani inayopita Pangani na Saadani hadi Bagamoyo inajengwa kwa vipande. Lami yake ikiungana yote, tofauti ya ndege na barabara itapungua sana, na majibu kadhaa ya ukurasa huu itabidi yaandikwe upya.

Na Pemba, Unguja, Mombasa, Kilimanjaro?

Pemba ndiyo jirani yetu wa karibu zaidi kwa ndege: kilomita 84 tu, karibu zote juu ya maji. Unguja ni kama 127. Mombasa ni kama 130, na hili huwashangaza wengi: kwa mstari ulionyooka, mtu wa Tanga yuko karibu na Mombasa kuliko Dar. Uwanja wa Kilimanjaro ni kama 288 na Dodoma kama 386. Lakini kuwa karibu si sawa na kufikika kwa ndege. Tazama sehemu ya mwisho kabla hujafurahi.

## Muda wa angani

Ndege inatumia dakika ngapi Tanga hadi Dar?

Ikienda moja kwa moja, dakika 40 hadi 50.

Ndege iliyozoeleka kwenye njia hii ni Cessna Caravan, yenye injini moja, pangaboi moja puani, na viti vya abiria 12 au 13. Mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. Gawa 200 kwa 300 upate dakika 40, kisha ongeza dakika chache za kupaa, kugeuka na kupanga foleni ya kutua Dar, ambako majeti makubwa nayo yanataka barabara ileile.

Tovuti moja imeniandikia dakika 15, nyingine 45. Niamini ipi?

Tovuti nyingi za kupima umbali huchukulia kwamba kila ndege duniani ni jeti la kilomita 800 kwa saa. Kilomita 200 kwa mwendo huo ni dakika 15. Nyingine huongeza nusu saa ya kupaa na kutua, zikapata 45. Hiyo 45 inafanana na ukweli wa Tanga kwa bahati tu, kwa sababu hesabu yake ni ya ndege isiyokuja hapa.

Hesabu yako mwenyewe ni bora. Uliza aina ya ndege, kisha gawa umbali kwa mwendo wake: Caravan kilomita 300 kwa saa, ATR 72 kama 500, Dash 8-400 kama 650, majeti ya Airbus na Boeing kama 800 hadi 850. Ongeza dakika 10 kwa ndege ndogo, 20 hadi 30 kwa kubwa. Hutakosea sana.

Mwenzangu alitumia karibu saa mbili kufika Dar. Walipotea?

Hawakupotea. Walipitia visiwani. Kwa miaka mingi kampuni kama Coastal Aviation na Auric Air zimeiunga Tanga na Dar kwa kupitia Pemba na Unguja, kwa sababu abiria wa Tanga peke yao mara nyingi hawajazi ndege. Tanga–Pemba ni kilomita 84, Pemba–Unguja 125, Unguja–Dar 73. Jumla ni 282, na katika kila kituo kuna kushuka, kupanda, kupanga mizigo upya.

Kwa hiyo, unapouliza nauli, uliza pia: "Inapita wapi?" Tiketi mbili za Tanga–Dar zinaweza kuwa na bei moja, lakini moja ikachukua muda mara mbili ya nyingine.

Upepo unaongeza au unapunguza muda?

Unafanya yote mawili, na watu wa pwani wanaufahamu upepo wenyewe. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini, na ndege inayokwenda Dar inaupiga usoni. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, unaisukuma kwa nyuma.

Chukua mfano wa upepo wa kilomita 40 kwa saa. Caravan inayokwenda 300 kwenye hewa tulivu itakuwa na 260 juu ya ardhi ikikabiliana nao, na 340 ikisukumwa. Safari ya kilomita 200 inakuwa dakika 46 upande mmoja na 35 upande mwingine. Jeti la 800 kwa saa lingepoteza dakika moja tu kwa upepo huohuo. Ndiyo maana ratiba ya ndege ndogo isisomwe kwa ukali wa dakika tano.

Masika je?

Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua kubwa Tanga. Mawingu yakishuka chini sana juu ya uwanja, ndege ndogo husubiri ilikotoka au hupitiliza kituo. Ukiwa na jambo lisilongoja, kama mtihani, mahakama au miadi ya daktari bingwa, ondoka siku moja kabla. Ushauri huu nautoa kwa kila mtu katika miezi hiyo, na sioni sababu ya kuulegeza.

Nikae upande gani nione vizuri?

Ukielekea Dar, kulia utaona bara: mdomo wa Mto Pangani na maji yake ya udongo yanavyoingia baharini, misitu ya mikoko, Saadani, halafu Bagamoyo. Kushoto ni bahari na Unguja. Ndege hizi haziruki juu kama majeti, hivyo siku isiyo na mawingu unaziona hata ngalawa. Ila kiti hukipangi wewe kila mara. Katika ndege ndogo wahudumu hupanga watu kwa uzito ili ndege ikae sawa. Ukiambiwa uhamie nyuma, hama.

## Kutoka mlangoni hadi mlangoni

Nikijumlisha yote, ndege inaniokolea muda gani?

Hili ndilo swali lenye maana kuliko yote hapo juu, na ndilo linaloulizwa kwa nadra zaidi.

Mchukue mtu wa Ngamiani anayekwenda Posta. Bajaji hadi uwanjani, dakika 15. Kukaa uwanjani kabla ya kuondoka, saa moja. Angani, dakika 45 kama ndege haisimami. Kupokea begi, dakika 15. Kipawa hadi Posta ni karibu kilomita 12 tu, lakini foleni ya Barabara ya Nyerere inaweza kukumeza dakika 40 au saa moja na nusu. Jumla ni muda wa saa tatu hadi tatu na nusu na zaidi. Ndege ikipitia visiwani, karibu saa tano.

Basi kutoka Kange hadi Mbezi Louis ni muda wa saa tano na nusu hadi saba, kutegemea mizani, matengenezo ya barabara na foleni ya kuanzia Kibaha. Ukifika Mbezi hujafika mjini bado. Ongeza saa moja au zaidi ya daladala au mwendokasi.

Kwa hiyo ndege ya moja kwa moja inakuokolea saa tatu hadi nne. Ile inayozunguka visiwani inakuokolea mbili, au hata moja. Kama unakwenda Kibaha, Mbezi au Kimara, panda basi, maana ndege itakupeleka mbele ya unakokwenda, halafu utatumia muda uliouokoa kurudi nyuma.

Nifike uwanjani muda gani kabla?

Kwa Tanga, saa moja kabla inatosha, isipokuwa kampuni iwe imekuandikia vinginevyo. Uwanja ni mdogo, hakuna safari ndefu ya kutembea. Lakini usichelewe kwa kuutegemea udogo huo. Abiria wote wakishafika, ndege ndogo huweza kuondoka hata kabla ya saa iliyoandikwa.

Njoo na kitambulisho chenye picha: cha NIDA, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Pemba na Unguja pasipoti haihitajiki kwa Mtanzania.

Dar nitashukia jengo gani?

Ndege ndogo hutumia Jengo la Kwanza, lile la zamani. Safari za kimataifa ziko Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019. Haya hayapakani. Kutoka moja hadi jingine unatoka nje, unachukua gari, unaingia upya na kukaguliwa upya. Mwenye mabegi asijaribu kutembea. Tenga saa nzima kwa kuhama tu, mbali na muda ambao shirika la ndege kubwa linautaka kaunta, ambao kwa kawaida ni saa tatu kabla.

Nampeleka mama Muhimbili. Ndege si bora kuliko basi?

Inategemea mambo mawili: je, anaweza kukaa wima kwa muda wote, na je, anaweza kupanda ngazi? Mlango wa Caravan uko juu, ngazi yake ni fupi na nyembamba, na ndani dari ni la chini kiasi kwamba mtu mzima huinama hadi kwenye kiti. Hakuna choo. Mama mwenye nyonga mbaya huteseka zaidi dakika tano za kupanda na kushuka kuliko angani kwenyewe. Wawili wamshike, mmoja juu na mmoja chini, na msiharakishwe na mtu.

Piga simu kwenye kampuni siku kadhaa kabla, eleza ugonjwa wazi, na uliza kama wanataka barua ya daktari. Mtungi wa oksijeni wa nyumbani hauingii tu ndegeni kwa hiari yako. Omba pia safari isiyosimama. Jibu kuhusu visiwani hapo juu linaeleza sababu. Na kwa mgonjwa wa kubebwa kwa machela, ndege ya ratiba ya kawaida haifai. Hapo ni gari la wagonjwa au ndege ya kukodi yenye muuguzi.

## Saa na tarehe

Tiketi imeandikwa 13:40. Ni saa ngapi hiyo?

Ni saa saba na dakika arobaini mchana. Namba za kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita. Za kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa kumi na nane: 23:15 ni saa tano na robo usiku. Za kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza sita: 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri.

Unapomwambia dereva wa bajaji, taja saa pamoja na wakati wake: asubuhi, mchana, usiku. Ukimtumia jamaa ujumbe, mwandikie zote mbili, ile ya kwenye tiketi na ile tunayoisema.

Tiketi inasema 00:30, tarehe 12. Niende uwanjani lini?

Nenda tarehe 11 jioni.

Hili limewaachisha watu ndege kubwa, wakiwemo waliouza mali ili wapate nauli, kwa hiyo nalieleza polepole. 00:30 ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Kwenye tiketi siku inaanza usiku wa manane, si jua linapochomoza, wala halizamapo kama tunavyohesabu Ramadhani. Ukila chakula cha jioni nyumbani tarehe 12 ukijiandaa kwa safari ya "usiku huo", ndege yako imeshaondoka karibu muda wa saa ishirini zilizopita.

Safari yoyote ya kati ya 00:00 na 04:00, andika kwenye karatasi: "Natoka nyumbani usiku wa tarehe fulani." Mpe mtu mwingine wa nyumbani aisome naye aihesabu kivyake.

Dar hadi Muscat ni mbali kiasi gani, na kwa nini saa hazilingani?

Ni kama kilomita 3,970, na jeti lisilosimama hutumia muda wa saa tano na nusu hivi. Muscat, sawa na Dubai, iko saa moja mbele yetu. Ndege ikitoka Dar 17:00 itafika 22:30 kwa saa ya Dar, lakini tiketi itaandika 23:30. Ukitoa moja katika nyingine unapata saa sita na nusu, ukadhani ndege ni ya polepole. Kila muda kwenye tiketi ni wa mji unaotajwa hapo. Wakati wa kurudi, tofauti hiyo hukurudia: safari itaonekana fupi.

Na Jeddah?

Kama kilomita 3,170, angani muda wa saa nne na nusu hivi bila kusimama. Jeddah iko kaskazini ya Dar karibu kabisa kwa mstari, viwanja vyote viwili viko kwenye longitudo ya digrii 39. Saa ya Saudia ni sawa na ya Tanzania, kwa hiyo mwenye kwenda Umra hana cha kurekebisha kwenye saa yake. Wengi hawapati ndege ya moja kwa moja, hupitia Addis Ababa, Nairobi au Doha. Zote tatu zina saa yetu pia. Wakipitia Dubai au Muscat, wasome jibu lililotangulia.

## Mizigo

Naruhusiwa kilo ngapi?

Kwenye ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15, mkoba wa mkononi ukiwa ndani yake, na kampuni hutaka begi laini kwa sababu mizigo hupangwa kwenye nafasi nyembamba chini ya tumbo la ndege. Sanduku gumu la kilo 23 linalokubalika kwenda Muscat linaweza kukataliwa Tanga. Nawe mwenyewe unaweza kuombwa usimame kwenye mizani. Kubali, kila kilo inahesabiwa.

Naweza kubeba machungwa ya Muheza?

Ndani ya kilo zako, ndiyo, kwa safari za ndani ya nchi. Gunia, hapana: lipe basi au lori siku moja kabla. Samaki wabichi hukataliwa kwa sababu ya maji na harufu. Pawabenki iwe mkononi, kamwe isiwe kwenye begi linalokabidhiwa. Ile ya mAh 20,000 iko chini ya kiwango cha kawaida cha wati-saa 100.

## Njia zisizonyooka

Nataka kwenda Arusha au Moshi. Nipande ndege?

Kwa kawaida, hapana. Kupitia Dar unasafiri kilomita 200 kusini, halafu 450 kurudi kaskazini hadi Kilimanjaro, ukisubiri katikati. Basi linapita Segera, Korogwe na Same, na Moshi ni kama kilomita 355. Siku moja inatosha.

Dodoma?

Kwa ndege, pitia Dar. Njia ambayo wengi hawaifikirii ni basi hadi Chalinze, gari jingine hadi Morogoro, kisha treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma 2024. Kata tiketi ya treni mapema.

Mombasa iko kilomita 130 tu. Mbona sipati ndege?

Kwa sababu kuna mpaka katikati, na barabara ya Horohoro ni nzuri. Kwa ndege ungepitia Dar au Unguja na mara nyingi Nairobi pia, siku nzima kwa mwendo ambao gari humaliza kwa nusu siku. Beba hati ya kusafiria.

Tovuti ya tiketi haiitambui Tanga.

Andika alama ya uwanja badala ya jina: TGT. Dar ni DAR, Unguja ZNZ, Pemba PMA. Kuwa makini na JRO na ARK: ya kwanza ni Kilimanjaro, ya pili ni uwanja mdogo wa Arusha mjini. Hata hivyo tovuti nyingi za nje hazionyeshi ndege ndogo zetu kabisa. Nenda kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, au piga simu.

Nina tiketi mbili nilizozikata mbalimbali: natua Dar saa nne asubuhi, naondoka kwenda nje saa saba mchana. Zinatosha?

Kwa makaratasi zinatosha. Kwa kweli, hapana. Tiketi zikikatwa mbalimbali, shirika la pili halina habari na la kwanza. Ndege ya Tanga ikichelewa kwa wingu juu ya Pemba, lile jeti halikusubiri na nauli yako haina mtu wa kuijibia. Toa saa nzima ya kuhama jengo, toa tatu za kaunta, na tayari umebaki na deni.

Ukiwa na ndege ya kimataifa mchana au jioni, panda basi la jana yake, au ndege ya jana yake, ulale kwa ndugu Dar. Kama lazima uondoke siku hiyohiyo, acha muda usiopungua saa sita kati ya kutua na kuondoka, na uwe na namba ya dereva wa teksi aliyekubali kukungoja nje ya Jengo la Kwanza.